FINISTÈRE: MWISHO WA NCHI AU KICHWA CHA DUNIA?

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne



Muhula uliopita mwalimu wetu wa Jiografia alitundika ramani ya Ulaya ubaoni, akatuamuru kila mmoja achague mahali pamoja penye pwani, asome habari zake katika maktaba, kisha aje awafundishe wenzake. Wengi walikimbilia Marseille, Lisbon na Napoli. Mimi macho yangu yalivutwa na ncha ya nchi iliyojitokeza upande wa magharibi wa Ufaransa, ikiingia baharini kama pua ya mbwa anayenusa. Nikaweka kidole hapo. Mwenzangu mmoja akacheka, akasema, "Huko ndiko mwisho wa ramani. Utapata nini cha kusema?" Makala haya ndiyo jibu langu kwake, na natumaini yatawafaa wengine pia.

JINA LENYEWE

Mahali hapo paitwa Finistère. Jina hili latokana na maneno mawili ya Kilatini, Finis Terrae, yaani "mwisho wa nchi", kwa kuwa msafiri atokaye mashariki akifika huko, mbele yake hana ila bahari mpaka Amerika. Lakini wenyeji wa huko wana lugha yao ya kale, Kibretoni, na katika lugha hiyo mkoa wao huitwa Penn-ar-Bed. Neno bed ni dunia. Neno penn ni ncha, na pia ni kichwa. Basi tazameni jambo hili: mahali ni pamoja, majina ni mawili. Atokaye mbali apaita mwisho. Aliyezaliwa hapo aweza kupaita kichwa cha dunia. Nawaombeni mlishike neno hili, maana nitalirudia.

NCHI NA BAHARI YAKE

Nchi ya Ufaransa imegawanywa katika sehemu za utawala ambazo twaweza kuzilinganisha na mikoa yetu. Mgawanyo huo ulifanywa mwaka wa 1790, wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, na Finistère ni mmoja wa mikoa iliyozaliwa mwaka huo. Ukubwa wake ni kama kilometa za mraba 6,700, na wakazi wake ni zaidi ya 900,000. Pamoja na mikoa mingine mitatu unafanya jimbo la Bretagne. Makao makuu ya mkoa ni Quimper, mji uliojengwa mahali mito miwili ikutanapo, na hiyo ndiyo maana ya jina lake kwa Kibretoni. Mji mkubwa kuliko yote ni Brest, wenye bandari ya manowari.

Bahari imeuzunguka mkoa huu pande tatu: kaskazini, magharibi na kusini. Pwani yake haikunyooka hata kidogo. Imekatwakatwa na ghuba, rasi na vijito, na mbele yake vimetawanyika visiwa na miamba isiyohesabika. Katikati ya mkoa kuna milima iitwayo Monts d'Arrée. Zamani sana ilikuwa mirefu, lakini mvua na upepo vimeila kwa mamilioni ya miaka, na sasa hakuna kilele kifikacho mita 400. Kwa sababu ya bahari, baridi ya huko si kali kama ya bara, ila mvua na upepo haviishi. Wakulima wa upande wa kaskazini hupanda koliflawa, viazi na vitunguu. Vitunguu vya Roscoff vina rangi ya waridi, na tangu mwaka wa 1828 watu wa huko walikuwa wakivivusha baharini kwenda kuviuza Uingereza nyumba kwa nyumba, baadaye juu ya baiskeli, vimesukwa kamba na kuning'inizwa kwenye usukani.

Mimi nimezaliwa kando ya Ziwa Victoria, na ziwani kwetu hakuna kupwa wala kujaa. Kwa hiyo nilishangaa kusoma kwamba huko Brest maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na katika siku za bamvua tofauti kati ya maji makuu na maji makavu huweza kupita mita 7. Huo ni urefu wa nyumba ya ghorofa mbili. Maji hayo yote yanapoingia na kutoka kati ya visiwa, hukimbia kama mto wa mafuriko. Ndiyo sababu mabaharia wa zamani waliiogopa sana pwani hii, nayo ipo hasa kwenye njia ya meli ziendazo Uingereza, Uholanzi na Ujerumani.

MNARA WA AR-MEN

Ili kuwaokoa mabaharia hao, watu walijenga minara ya taa. Mmoja, wa Île Vierge, uliomalizika mwaka wa 1902, una urefu wa mita 82 na nusu, na hakuna mnara wa taa wa mawe katika Ulaya yote unaoupita. Lakini mnara ulionigusa zaidi ni ule wa Ar-Men. Maana ya jina hilo kwa Kibretoni ni "jiwe", na kweli umesimama juu ya jiwe moja tu katikati ya bahari, mbali kupita kisiwa cha Sein, jiwe ambalo mara nyingi hufunikwa na mawimbi.

Kazi ilianza mwaka wa 1867. Wavuvi wa kisiwa cha Sein ndio waliokubali kuifanya. Walijifunga maboya ya gome jepesi, wakangoja siku ya bahari tulivu, wakaruka kutoka mashuani hadi juu ya jiwe. Hapo mmoja alilishika jiwe kwa mikono miwili na mwingine akatoboa mashimo ya kutilia vyuma vya msingi. Wimbi likija walilala kifudifudi mpaka lipite. Je, mwajua mwaka mzima wa kwanza walifaulu kushuka juu ya jiwe mara ngapi? Mara 7. Na saa zote za kazi, ukizijumlisha, zilikuwa 8. Mwaka wa pili walishuka mara 16, wakafanya kazi saa 18. Hawakuacha. Mnara uliwashwa mwaka wa 1881, baada ya miaka 14, na tangu mwaka wa 1990 taa yake hujiendesha yenyewe bila mlinzi. Haba na haba hujaza kibaba. Sijapata kuona mfano wa methali hiyo uliozidi huu. Nasi tunaolalamika kwamba muda wa kujisomea usiku ni mfupi, tuzikumbuke saa 8 za mwaka wa 1867.

Hata hivyo taa peke yake haitoshi. Tarehe 16 Machi 1978 meli kubwa ya mafuta, jina lake Amoco Cadiz, iliharibika usukani, ikasukumwa juu ya miamba karibu na kijiji cha Portsall. Zaidi ya tani 220,000 za mafuta zilimwagika. Ndege wa baharini walikufa kwa maelfu, na wavuvi wakakaa bila kazi. Wenyeji waliyazoa mafuta hayo kwa majembe na ndoo.

WATU WALITOKA WAPI?

Yapata miaka 1,500 iliyopita watu wengi walivuka bahari kutoka kisiwa cha Uingereza wakahamia rasi hii. Ndiyo maana nchi ikaitwa Bretagne, yaani Britania ndogo. Walikuja na lugha yao, ambayo si jamaa wa karibu wa Kifaransa wala wa Kiingereza. Ndugu yake ni Kiwelisi, lugha ya watu wa Wales. Linganisheni wenyewe. Baba kwa Kibretoni ni tad, na kwa Kiwelisi ni tad. Mkate ni bara huku, na bara kule. Bahari ni mor, kwa Kiwelisi môr. Nyumba ni ti, kwa Kiwelisi tŷ. Ni kama sisi tunavyosema mtu, Wasukuma wakasema munhu, Waganda omuntu, na Wazulu kule kusini umuntu. Bahari iliwatenga Wabretoni na ndugu zao, lakini maneno yalibaki na ushahidi.

Kwa muda mrefu Bretagne ilikuwa na watawala wake, mpaka ilipounganishwa na Ufaransa mwaka wa 1532. Karne moja baadaye, mwaka wa 1631, waziri mkuu Richelieu aliichagua Brest iwe bandari ya manowari za mfalme, kwa sababu ghuba yake ni pana na mlango wake ni mwembamba. Uzuri huo ulikuja kuwa balaa. Katika Vita Kuu ya Pili Wajerumani waliiteka Brest wakajenga humo maficho ya nyambizi. Majeshi ya Marekani yakauzingira mji tangu Agosti hadi Septemba 1944, na vita vilipokwisha, mji wa kale karibu wote ulikuwa kifusi. Brest ionekanayo leo ni mji uliojengwa upya.

Kuna kisa kingine cha vita hivyo. Mwezi Juni 1940, Ufaransa iliposhindwa, Jenerali de Gaulle alitangaza katika redio kutoka London kwamba vita havijaisha. Wanaume wa kisiwa cha Sein, zaidi ya mia moja, wakapanda mashua zao wakamfuata Uingereza, wakaacha nyuma wanawake, watoto na wazee. Kisiwa hicho ni kidogo mno, tena kimelala chini hata mawimbi ya dhoruba huweza kukifunika. Lakini baada ya vita kilipewa nishani ya Ukombozi, ambayo katika Ufaransa yote ilipewa miji na vijiji vitano tu, Paris ukiwa mmojawapo.

AKINA MAMA WA DOUARNENEZ

Kwetu ziwani dagaa huanikwa mchangani, na kazi kubwa ni ya akina mama. Huko Finistère, katika mji wa Douarnenez, samaki wadogo waitwao sardini hukaangwa na kutiwa katika makopo ya mafuta, na kazi hiyo pia ilikuwa ya akina mama. Waliitwa Penn Sardin, yaani "kichwa cha sardini". Neno ni lile lile, penn.

Mashua zilipoingia, hata kama ni usiku wa manane, wanawake na wasichana wadogo waliitwa kiwandani, wakasimama kutwa na kucha mpaka samaki waishe. Ujira wao ulikuwa senti 80 za faranga kwa saa. Mwezi Novemba 1924 waligoma, wakataka faranga moja na senti 25. Walizunguka mjini wakipiga kelele kwa Kibretoni, na wavuvi wakawaunga mkono. Mgomo ulichukua siku 46, ukapita Krismasi na Mwaka Mpya. Mwanzoni mwa Januari 1925 wenye viwanda walikubali kulipa faranga moja kwa saa, na kuongeza malipo ya kazi za usiku. Hawakupata yote waliyoyataka, lakini walipata zaidi ya walivyokuwa navyo. Mwaka huo huo mmoja wao, Joséphine Pencalet, alichaguliwa diwani wa mji. Serikali ilibatilisha uchaguzi wake, maana wakati ule wanawake wa Ufaransa hawakuwa na haki ya kupiga kura wala kuchaguliwa. Waliipata mwaka wa 1944.

DESTURI ZAO

Nitazitaja kwa ufupi. Katika nchi ya Bigouden, kusini magharibi ya mkoa, wanawake walivaa kofia nyeupe ya kitambaa cha kudariziwa, ndefu na wima kama mnara wa taa. Kila kanisa lina siku yake ya maandamano, iitwayo pardon, na ile kubwa ya Locronan hufanywa mara moja kila miaka sita, watu wakitembea kama kilometa 12 mashambani. Muziki wao hupigwa na watu wawili: mmoja ana mfuko wa ngozi wenye filimbi, mwingine ana bombarde, ala ya kupuliza ambayo mtu wa pwani yetu akiiona atasema ni zumari. Ngoma zao za usiku huitwa fest-noz. Watu hushikana mikono kwa duara, wazee kwa watoto. Mwaka wa 2012 UNESCO iliitia fest-noz katika orodha ya urithi wa wanadamu.

LUGHA NA KIBAO

Sasa nafika penye kiini cha maneno yangu.

Tangu karne ya 19 watoto wa Finistère walipoanza kupelekwa shule kwa wingi, walikuta amri moja: hapa ni Kifaransa tu. Mtoto aliyesikika akisema Kibretoni alivikwa shingoni kitu cha aibu, pengine kiatu cha mti, pengine kipande cha ubao. Wenyeji walikiita "ng'ombe". Aliyekivaa hakuwa na njia ya kukivua ila kumsikia mwenzake akikosea, amshitaki, amvishe yeye. Aliyekutwa nacho jioni ndiye aliyeadhibiwa. Desturi hiyo iliendelea mahali pengi hadi katikati ya karne ya 20.

Nilipoisoma habari hiyo nilifunga kitabu. Katika shule ya msingi niliyosoma kulikuwa na kibao kilichotobolewa na kutiwa kamba. Nilikuwa darasa la tatu siku niliyovikwa, kwa sababu nilimwomba mwenzangu kifutio kwa Kisukuma. Mchana ulikuwa unaisha na sikumsikia mtu yeyote akikosea. Basi wakati wa kutoka nje nilimkanyaga rafiki yangu kidole cha mguu, makusudi, kwa nguvu zangu zote. Akalia, na mtu akiumia hulia kwa lugha ya mama yake. Nikamvisha kibao. Yeye ndiye aliyepigwa. Sikuwahi kumwambia kwamba haikuwa bahati mbaya, na sasa familia yake imehama. Namwomba radhi hapa.

Msinielewe vibaya. Kiswahili nakipenda, ndicho hiki ninachoandika, nacho kimetufanya tuwe taifa moja. Kiingereza nakihitaji, maana mitihani yetu i kwa lugha hiyo. Vivyo hivyo Kifaransa kiliwafaa Wabretoni: kiliwapa kazi za reli, posta, jeshi na ualimu, na wazazi wengi wenyewe, hasa baada ya vita vya 1945, waliamua kusema na watoto wao Kifaransa tupu ili wasiteseke shuleni kama wao. Lawama si ya kujifunza lugha ya pili. Lawama ni ya kumfanya mtoto aione haya lugha ya kwanza. Maana kibao kikivuliwa shingoni, haya hubaki moyoni, na mtoto huyo akiwa mzazi haisemi tena lugha ile mbele ya wanawe.

Matokeo yake ni haya. Yapata mwaka wa 1950 watu waliosema Kibretoni walikuwa kama milioni moja. Uchunguzi wa mwaka 2018 ulikuta kama 200,000 tu, na wengi wao ni wazee. UNESCO imeihesabu miongoni mwa lugha zilizo katika hatari kubwa ya kufa.

Lakini Wabretoni hawakukaa kulia. Mwaka wa 1977, katika kijiji cha Lampaul-Ploudalmézeau, wazazi wachache walifungua shule ya watoto wadogo ambamo masomo yote yalikuwa kwa Kibretoni. Waliiita Diwan, maana yake kuchipua kwa mbegu. Leo shule za Diwan zina maelfu ya wanafunzi, na mjini Carhaix, humo humo Finistère, wana shule ya sekondari ya juu. Watoto hao hujifunza Kifaransa vile vile, na hawakivai kitu shingoni. Njia yao bado ina miamba: mwezi Mei 2021 Baraza la Katiba la Ufaransa lilikataa kifungu cha sheria ambacho kingeruhusu shule za serikali kufundisha kwa namna hiyo. Nao wanaendelea, kama wavuvi wa Ar-Men, saa 8 kwa mwaka.

MWISHO

Likizo iliyopita tulikaa na bibi jikoni. Alitusimulia hadithi ya sungura na fisi, na mdogo wangu wa miaka sita akanigeukia akaniuliza, "Bibi anasema nini?" Nikaanza kumfasiria. Nilifika nusu, nikakwama, kwa sababu kulikuwa na maneno ambayo mimi pia sikuyajua. Bibi alinyamaza, akachochea moto. Ndipo nilipoelewa kwamba lugha haifi mbali, huko kwenye vitabu vya Jiografia. Hufa jikoni, jioni moja, kati ya bibi na mjukuu.

Basi mwenzangu uliyecheka mbele ya ramani, jibu langu ni hili. Mahali nilipopachagua ni mwisho wa nchi kwa yule tu apatazamaye kutoka mbali. Kwa aliyezaliwa hapo ni kichwa. Na kwenu na kwetu ni vivyo hivyo. Mwacha asili ni mtumwa.

MASWALI KWA WASOMAJI

1. Taja pande tatu za Finistère zilizozungukwa na bahari, na ueleze sababu mbili zilizoifanya pwani hiyo kuwa ya hatari kwa meli.

2. Kwa nini ghuba ya Brest ilichaguliwa kuwa bandari ya manowari, na jambo hilo liliuleteaje mji madhara mwaka wa 1944?

3. Linganisha kazi ya sardini ya Douarnenez na kazi ya dagaa, samaki au zao jingine la kwenu. Ni nani afanyaye kazi, na ni nani apangaye bei?

4. Likizo hii, mwombe bibi au babu yako akutajie maneno kumi ya lugha yake ambayo wewe huyajui. Yaandike katika daftari pamoja na maana zake, uje nayo shuleni. Yangu nimeanza, hadi sasa yamefika ishirini na matatu.